Jinsi msanifu wa huduma anavyoonyesha thamani ya kazi yake: mwongozo kamili kwa wanaofanya kazi Mbeya, Iringa na Njombe

Ukiwa msanifu wa huduma, yaani mtu anayepanga upya namna ofisi inavyohudumia watu, huku Nyanda za Juu Kusini, kazi ya kwanza huipati kwa sababu mtu anajua usanifu wa huduma ni kitu gani. Unaipata kwa kufahamiana. Mwenye mabasi ameambiwa na shemeji yako kwamba wewe "unapanga ofisi vizuri", au mganga mfawidhi amechoka na kelele za dirishani. Ugumu unaanza ukishamaliza. Foleni imepungua, makarani wanapumua, hakuna tena wa kugombana, halafu anayelipa anakuuliza, tena bila ubaya wowote: "Sasa hapa wewe umefanya nini hasa?" Huduma ikishakaa sawa, watu huona kama ilikuwa hivyo siku zote.

Mwongozo huu unalijibu swali hilo, na msimamo wake ni kwamba thamani ya kazi yako huonekana kwa hesabu iliyochukuliwa kabla hujagusa kitu, kutoka kwenye madaftari ya mteja mwenyewe. Ripoti ya mwishoni, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani, haiwezi kuziba pengo la hesabu ambayo haikuchukuliwa.

Nitatumia mfano mmoja ili tusitangetange: ofisi ya mizigo ya kampuni ya mabasi yenye madirisha mawili jijini Mbeya, moja stendi ya Nane Nane na jingine Kabwe. Inapokea vifurushi kutoka Dar es Salaam, Morogoro na Iringa, na kusafirisha vya kwenda huko. Kampuni hii nimeibuni, na namba zake ni za kufanyia hesabu tu. Weka zako.

Hatua ya 1: Jua anayelipa anahesabu nini

Kabla ya kuchora chochote, kaa na mwenye pesa umuulize mambo matatu. Mwezi uliopita ni jambo gani lilimsumbua mpaka nyumbani? Yeye anawajibika kwa nani? Na mwisho wa mwezi, ni namba gani anaitafuta kwanza?

Majibu yatatofautiana sana. Mwenye mabasi atakutajia fidia za mizigo iliyopotea na wateja wanaompigia yeye binafsi saa tano usiku. Ofisa wa halmashauri ataongelea mapato ya ndani, hoja za ukaguzi na malalamiko yaliyofika kwa mkuu wa wilaya. Mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi ana mkutano mkuu mbele yake, na wanachama watamuuliza siku zinazopita kati ya mizani na malipo. Shirika lenye mfadhili lina viashiria vyake, na mratibu wa mradi anajua kwa kichwa kipi kimebaki nyuma.

Kwa ofisi za umma kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaipita bila kuiona. Taasisi nyingi za serikali zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, mara nyingine umebandikwa ukutani pale mapokezi, wenye ahadi za muda wa kushughulikia barua, kibali au malalamiko. Usome. Hiyo ndiyo rula ambayo taasisi imejiwekea yenyewe, na ukipima kwa rula hiyo hakuna atakayesema umeleta vipimo vya kigeni.

Kosa ninaloliona sana kwa vijana wanaoanza ni kubeba kipimo kimoja kila mahali. Mwenye mabasi anaonyeshwa chati ya kuridhika kwa wateja, na mfadhili anaonyeshwa akiba ya vocha. Na kuna zile picha za ukuta uliojaa vikaratasi vya rangi. Vinatusaidia sisi kufikiri, sawa, lakini kwa aliyelipa ni picha ya watu waliokuwa kwenye semina.

Hatua ya 2: Chukua hesabu ya mwanzo

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nami nitakaa hapa.

Anza na vilivyopo. Ofisi yoyote ina kumbukumbu kuliko inavyodhani: daftari la kaunta, vitabu vya risiti, daftari la fidia (mara nyingi analo meneja kwenye droo), orodha ya simu zilizoingia kwenye simu ya ofisi, meseji za WhatsApp, sanduku la maoni ambalo ufunguo wake hakuna anayejua ulipo. Nakili, usichukue. Ukitumia daftari la mteja, siku ya kuwasilisha hatabisha namba zako, maana mwandiko ni wa karani wake.

Kisha hesabu kisichoandikwa. Kata karatasi ya manila, igawe safu nne au tano, iweke chini ya kaunta na kalamu yake. Kila mtu akija, karani anapiga mstari kwenye safu inayohusika. Mistari minne ya wima, wa tano unakatiza. Karatasi hii mtu anaizoea kwa asubuhi moja. Programu ya simu itamchukua wiki, na ataiacha siku bando likiisha.

Karani atakuogopa, na ana sababu. Akiona mtu mgeni anahesabu, atajua bosi anatafuta wa kupunguza. Mwambie mapema, mbele ya bosi, kwamba zinahesabiwa kazi na siyo watu, na usiandike jina la karani kwenye karatasi yoyote. Kama bosi hawezi kukubali sharti hilo, hesabu zako zitakuwa za uongo tangu siku ya kwanza.

Muda wa kusubiri unaweza kuupata bila kumfuata mtu na saa mkononi. Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo leo inabeba jina lake: wastani wa watu waliomo kwenye huduma ni sawa na wanaoingia kwa saa, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Igeuze. Hesabu walioko ofisini kila baada ya dakika 15, kuanzia mlango unapofunguliwa mpaka wa mwisho atoke, upate wastani. Hesabu pia wanaoingia. Ikiwa kwa wastani wapo 9 na kwa saa wanaingia 18, basi kila mmoja anakaa nusu saa. Ni kugawanya tu.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwenye rafu. Mizigo iliyolala ofisini ikiwa kwa wastani 180, na kwa siku inaingia 90, kila mzigo unakaa siku mbili kabla ya kuchukuliwa. Mwambie mwenye mabasi kwamba chumba chake hakijawa kidogo, isipokuwa mizigo inalala humo siku mbili. Ataacha anachofanya akusikilize, hasa kama alikuwa anafikiria kukodi fremu nyingine.

Hesabu kwa wiki mbili kamili angalau, Jumapili ikiwemo. Na angalia msimu. Januari, shule zikifunguliwa, stendi inafurika magodoro na matranka. Mchele wa Kyela ukianza kuvunwa mizigo inabadilika sura, na kahawa ya Mbozi ikilipwa wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaagiza zaidi kutoka Kariakoo. Ukipima "kabla" Januari na "baada" mwezi Machi, utaonyesha maendeleo makubwa yaliyoletwa na kalenda.

Jambo la mwisho hapa: majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hesabu hazihitaji jina la mtu. Picha ya foleni ipige kwa nyuma, na kwenye zahanati usipige kabisa.

Hatua ya 3: Tenga kazi halisi na kazi inayozaliwa na kasoro

Mwingereza John Seddon, mshauri wa mambo ya huduma, ndiye aliyelipa umaarufu wazo hili. Watu wanaofika kwenye kaunta wako wa aina mbili. Wapo waliokuja kwa shughuli yenyewe: kutuma, kupokea, kulipa. Na wapo waliokuja kwa sababu kitu fulani hakikufanyika, au kilifanyika vibaya. Hawa wa pili wanakula muda uleule na hawaingizi hata shilingi.

Simama kwenye dirisha la Nane Nane mabasi ya Dar yakishaingia jioni usikilize. "Dada, mzigo wangu umefika?" "Gari lililotoka asubuhi liko wapi saa hizi?" "Juzi nilitumiwa boksi, nimeambiwa njoo kesho, nimekuja kesho." "Risiti amebaki nayo mdogo wangu, nachukuaje?" Katika watu kumi, wenye shughuli halisi ni wachache kuliko unavyofikiri.

Sasa sogea uone kinachotokea nyuma ya kaunta. Boksi la nguo limeandikwa kwa maka peni MAMA NEEMA MBEYA, na namba ya simu chini yake imelowa mvua ya Kitonga, zimebaki tarakimu nne za mbele. Kuna Mama Neema wengine wawili chumbani humo. Karani anapanda juu ya magunia, anageuza maboksi moja baada ya jingine akisoma kwa tochi ya simu, huku kaunta imebaki wazi na watu saba wanagonga mbao. Akilipata, tayari ameangusha mawili. Moja kati ya hayo litakuja kuandikwa kwenye daftari la fidia.

Karatasi yako ya manila iwe na safu za kutenganisha aina hizi. Katika mfano wetu, dirisha la Nane Nane linahudumia mizigo 90 kwa siku na maswali 70 ya aina ya pili, kila swali likila kama dakika 3. Hizo ni dakika 210, saa tatu na nusu za karani kila siku.

Suluhisho hapa lilikuwa la bei ndogo. Nakala ya risiti, ambayo tayari ilikuwepo, inabandikwa kwenye mzigo kwa selotepu pana kulekule unakotoka. Ukishushwa Mbeya, mpokeaji anatumiwa meseji. Rafu zinapangwa kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya simu, sifuri mpaka tisa. Bosi atapendekeza mpange kwa herufi za majina, kama shuleni. Mwonyeshe daftari lake. Mwakalinga, Mwaipopo, Mwakyusa, Mwambene, Mwasomola: rafu ya M itabeba nusu ya Mbeya na rafu nyingine zitakaa na buibui.

Hatua ya 4: Chora huduma nzima, uweke dakika na shilingi

Mchoro wa huduma tunaoutumia leo chimbuko lake ni Lynn Shostack, aliyekuwa mtu wa benki Marekani. Mwaka 1984 alieleza kwenye jarida la Harvard Business Review jinsi ya kuchora huduma hatua kwa hatua, na mmoja wa mifano yake ulikuwa wa mpiga kiwi wa kona ya barabara. Aliweka hatua anazoziona mteja, zile asizoziona, mahali kosa linapoweza kutokea (kupaka rangi isiyo ya kiatu), na muda. Kisha akaonyesha kwamba kazi ikichukua dakika zaidi, faida inapungua.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo wasanifu wengi wanaisahau. Michoro yao ina nyuso za tabasamu na nyuso za huzuni, haina hata shilingi moja. Kwenye mchoro wako, chini ya kila hatua andika vitu viwili: dakika, na gharama pale hatua hiyo inapoharibika. Chora kwenye karatasi kubwa, ubandike ofisini, uwaache makarani na wapakiaji wausahihishe kwa kalamu nyekundu. Mpakiaji atakuonyesha hatua ambayo meneja hajui kama ipo.

Hatua ya 5: Badilisha dirisha moja kwanza

Ukibadilisha kote kwa siku moja, hutajua kamwe kilichotokana na wewe. Anza na Nane Nane, uiache Kabwe kama ilivyo, lakini hesabu kote kuwili.

Tuseme mwezi umepita. Nane Nane maswali yameshuka kutoka 70 hadi 25 kwa siku. Unataka kuandika 45. Subiri kidogo. Kabwe, ambako hukugusa kitu, nako yameshuka, kutoka 60 hadi 50, kwa sababu msimu umepoa. Kabwe imebaki na sehemu tano kati ya sita. Kwa mwendo huo Nane Nane ingeshuka yenyewe mpaka kama 58. Kwa hiyo mchango wako ni 58 kutoa 25, yaani 33.

Andika 33. Ni namba ndogo, inauma, lakini mhasibu akiikagua itasimama. Mtu wa namba akikuona umejipunguzia mwenyewe kabla hajakuambia, hatahangaika sana na namba zako nyingine.

Pasipo na dirisha la pili, linganisha na kipindi kilekile mwaka jana kama madaftari yapo, au badilisha jambo moja baada ya jingine kwa kupishana wiki. Si imara kama madirisha mawili, ila inatosha kwa biashara ndogo.

Hatua ya 6: Geuza kuwa shilingi, taratibu

Maswali 33 kwa dakika 3 ni dakika 99, kama saa moja na dakika arobaini kwa siku. Kishawishi ni kuchukua mshahara wa karani, kuugawa kwa saa, kuzidisha, kisha kuandika "akiba". Usifanye hivyo. Karani bado analipwa mshahara uleule, na bosi anajua. Muda uliookolewa unakuwa pesa pale tu unapoonyesha umekwenda wapi: umepokelea mizigo mingine, umefuta malipo ya muda wa ziada, umemwondoa kibarua wa jioni. Kama umekwenda kwenye kupumzika, sema hivyo. Nako kuna maana yake, ila haiko kwenye safu ya shilingi.

Anza na pesa inayoonekana. Daftari la fidia linaonyesha miezi mitatu kabla yalikuwa madai 18, na miezi mitatu baada yakawa 6, wastani wa shilingi 40,000 kila dai, wakati Kabwe hayakusogea. (Chukua miezi mitatu. Mwezi mmoja wenye madai mawili unaweza kuwa bahati tu.) Hapo umepunguza madai manne kwa mwezi, shilingi 160,000.

Toa gharama mpya. Meseji 90 kwa siku, siku 30, tuseme shilingi 20 kila moja: 54,000. Kinabaki 106,000 kwa mwezi. Gharama za kuanzia: rafu na selotepu 350,000, ujira wako 900,000, jumla 1,250,000. Gawanya: karibu miezi kumi na miwili pesa zimerudi, kwa fidia peke yake.

Halafu ndiyo uongeze mapato, kwa mkono wa birika. Karani sasa ana muda wa kupokea mizigo inayokwenda Dar kabla gari halijafungwa buti. Ukidai imeongezeka mizigo kumi kwa siku utaulizwa maswali mengi. Dai mmoja, wa shilingi 5,000. Basi lingekwenda Dar hata bila mzigo huo, kwa hiyo karibu yote inabaki. Ni 150,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na 106,000 ni 256,000, na pesa zinarudi kwa muda usiofika miezi mitano.

Mpe majibu yote mawili, mwaka na miezi mitano, umwambie kila moja limetegemea nini. Mfanyabiashara amezoea kukadiria; atachagua lake katikati.

Kwenye zahanati au ofisi ya kata, shilingi si lugha ya kwanza. Hapo hesabu safari. Mama aliyetoka kijijini Rungwe akaambiwa arudi Alhamisi amelipa nauli mara mbili na kupoteza siku ya shamba. Waliorudishwa wangapi kwa wiki, kabla na baada, nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani: hiyo ni hesabu ambayo diwani anaweza kuisoma kwenye kikao na kila mjumbe akaielewa.

Hatua ya 7: Wasikilize watu, ila si kwa fomu

Kipimo cha kuuliza "kutoka 0 hadi 10, ungempendekezea mwenzako?" kilienezwa na Fred Reichheld mwaka 2003, na makampuni makubwa wanakipenda. Dirishani kwetu, mbele ya karani, kina kazi ndogo. Watu wetu wana adabu. Mzee aliyesubiri saa mbili atakuambia "tunashukuru", ataongeza "ndaga fijo", ataondoka zake. Ukisoma fomu hizo utadhani hakuna tatizo Mbeya nzima.

Uliza kilichotokea, achana na maoni. Msogelee nje, akiwa ameshapata mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani, huu mzigo umeufuata mara ngapi?"

"Hii mara ya tatu. Juzi nimekuja na bajaji, jana nikamtuma kijana, leo nimesema nakuja mwenyewe nikae hapahapa."

"Na bajaji ya juzi ulilipa ngapi?"

Hapo una safari tatu, nauli, na siku ya biashara iliyopotea, bila kumuuliza kama ameridhika. Watu kumi na tano au ishirini wa namna hii kabla, na idadi hiyohiyo baada, wanatosha kwa kazi ya ukubwa huu. Omba ruhusa ya kunukuu maneno bila jina. Wengi wanakubali.

Waulize na makarani pia, peke yao. Mabadiliko yaliyomfurahisha mteja na kumwelemea karani hayamalizi miezi sita.

Hatua ya 8: Wasilisha kwa ukurasa mmoja

Mwenye mabasi hasomi slaidi arobaini. Mkurugenzi naye hasomi, ila yeye atasema amesoma. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mstari wa kwanza uwe jibu: "Dirisha la Nane Nane: madai ya fidia yameshuka kutoka 6 hadi 2 kwa mwezi, gharama ya mradi itarudi kati ya miezi mitano na kumi na miwili." Chini yake, namba tatu za kabla na baada. Chini ya hizo, sentensi moja au mbili za mteja. Kisha kile ambacho hakikubadilika: kwa mfano, mizigo isiyo na namba ya simu bado inapotea kama zamani. Mwisho, unachoomba: ruhusa ya kwenda Kabwe.

Kipengele cha kisichobadilika usikiondoe. Bila hicho, ukurasa unasomeka kama tangazo.

Na usizungumze wewe peke yako. Mpeleke bosi dirishani saa ya msongamano, umwombe karani amtafutie mzigo wowote. Karani anasoma tarakimu ya mwisho, ananyoosha mkono rafu ya saba, anautoa. Kama ulitunza video fupi ya karani yuleyule akipanda juu ya magunia (kwa ruhusa yake), ionyeshe baadaye. Karani akisema "zamani tulikuwa tunatafuta mpaka tunatoka jasho", ana uzito kuliko chati zako zote, maana yeye hana ankara ya kudai.

Sifa nazo zigawe. Rafu za namba za simu huenda ni wazo la mpakiaji. Liandike hivyo, kwa cheo chake au jina lake kama anapenda. Mwenye mawazo akitambuliwa ataulinda mfumo ukiwa haupo.

Hatua ya 9: Weka kipimo ndani ya mkataba

Mengi ya hapo juu hayawezekani kama hukuyaweka kwenye makubaliano. Mambo manne yaandikwe kabla ya malipo ya awali: kwamba utapewa wiki mbili za kuhesabu kabla ya kubadilisha kitu, kwamba utaona daftari la fidia na la malalamiko, kwamba dirisha moja litabaki kama lilivyo kwa miezi mitatu, na kwamba utarudi baada ya miezi mitatu kupima, na siku hizo za kurudi zinalipwa. Hiyo ya mwisho mteja atataka kuikata ili apunguze bei. Afadhali upunguze michoro.

Wengine hukubali kulipwa kwa matokeo tu. Mimi sishauri, labda kwa sehemu ndogo ya ujira. Mafuta yakipanda bei, barabara ikifungwa Kitonga kwa ajali, mshindani akishusha nauli, namba zote zinayumba na wewe huna usukani wa hata moja.

Ukirudi baada ya miezi mitatu, utakuta kimoja kati ya vitu viwili. Ama karatasi ya manila bado iko chini ya kaunta na karani anaijaza, ama imegeuzwa kufungia maandazi. Ikiwa ni hili la pili, usianze kulaumu. Uliza ni lini waliacha na kulikuwa na nini siku hiyo: karani mpya, selotepu kuisha, meneja kuhamishwa. Jibu hilo ni kazi yako inayofuata, na lina bei yake.

Kuhusu kuonyesha kazi kwa mteja mwingine

Omba kibali cha maandishi cha kutumia namba, ukieleza kama jina la kampuni litatajwa. Wengi Mbeya watakubali namba na kukataa jina, hasa penye neno "fidia". Andika tu "kampuni ya mabasi, Nyanda za Juu Kusini". Eleza sehemu yako halisi katika kazi hiyo, maana mji ni mdogo na meneja yule anaweza kuwa mjomba wa mteja unayemfuata. Weka hesabu ya mwanzo kwenye ukurasa huohuo, pamoja na namna ilivyochukuliwa na tarehe zake. Mteja mwenye akili ataangalia tarehe kwanza, kuona kama "kabla" ilikuwa Januari.